Hija ya Kitume: Askofu Haendi Roma Kuhojiwa

Kila maaskofu wanapotangaza hija ya kitume, ofisi za majimbo hupokea maswali yaleyale: kuna tatizo gani, nani amewashtaki? Hakuna aliyewashtaki. Kanuni za 399 na 400 za Sheria za Kanisa (1983) zinamtaka askofu wa jimbo atoe taarifa kwa Baba Mtakatifu kila baada ya miaka 5, na mwaka huohuo aende Roma kuheshimu makaburi ya Mitume Petro na Paulo na kuonana na Papa.

Kazi kubwa ni taarifa, si safari. Inagusa mapadre, waseminari, watawa, katekesi, shule, familia, mali na fedha. Inapaswa kufika Roma miezi 6 kabla ya hija, au angalau miezi 3, kwa kuwa husomwa kwanza na idara zinazohusika. Kwa majimbo yetu inapokelewa na Baraza la Kipapa la Uinjilishaji. Paroko anayechelewesha idadi ya ubatizo na ndoa anakwamisha jimbo zima. Tafadhali, maparoko, rejesheni fomu mapema.

Askofu ambaye mwaka wa taarifa umeangukia ndani ya miaka yake 2 ya kwanza jimboni anaweza kutoiandika taarifa kwa mara hiyo. Aliyezuiliwa kwenda Roma kwa sababu halali huwakilishwa na askofu mwandamizi (mwenye haki ya kurithi jimbo), askofu msaidizi, au padre anayefaa anayeishi jimboni.

Miaka 5 ikipita bila safari, askofu hajakaidi. Maaskofu duniani ni zaidi ya 5,000, na zamu hupangwa na Roma. Papa Fransisko aliwapokea wa Tanzania tarehe 7 Aprili 2014, wa Kenya tarehe 16 Aprili 2015.

Tunaomba pia waamini waache kuwapa maaskofu bahasha za malalamiko wampelekee Papa. Hiyo si rufani. Anayepinga amri ya askofu amwombe kwanza kwa maandishi aifute au airekebishe, ndani ya siku 10 tangu alipojulishwa. Askofu ana siku 30 za kujibu. Akikataa au akinyamaza, mlalamikaji ana siku 15 za kukata rufaa kwa mamlaka ya juu, na anaweza kuiwasilisha kwa askofu huyohuyo, ambaye analazimika kuipeleka mara moja. Siku hizo zikipita, haki ya rufani imepotea, na bahasha iliyosafirishwa Roma haiirudishi. Tunzeni nakala yenye tarehe na mhuri wa kupokelewa.