Behewa la mtumba na njia isiyo yake: kwa nini treni huacha reli

Hapa Mtwara mjini tuna kata inayoitwa Reli. Mgeni akishuka stendi na kuomba apelekwe Reli atapelekwa, ila asitarajie kupanda treni, kwa sababu treni ya mwisho iliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1960 na njia yenyewe ikang'olewa. Nimeanza na kata hii kwa kuwa ndiyo ninayokaa tangu nilipostaafu kazi ya ukaguzi wa mabehewa, na kwa kuwa mjadala ninaotaka kuueleza ulianzia kwenye baraza la kahawa la mtaani kwetu.

Kijana mmoja, fundi wa bodaboda, alinionyesha kwenye simu picha za treni ya abiria iliyoanguka Mexico tarehe 28 Desemba 2025. Ilikuwa ikipita karibu na Nizanda, jimbo la Oaxaca, katika njia inayounganisha bandari ya Salina Cruz iliyo upande wa Pasifiki na Coatzacoalcos iliyo upande wa Ghuba ya Mexico. Ilibeba watu wapatao 250, na waliokufa hawakupungua 13. Kijana hakuuliza swali, alitoa hukumu. "Mjomba, hao si walinunua mitumba ya Uingereza? Basi ndiyo hiyo." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali.

Ni kweli kwamba reli ile, iliyoanza kubeba abiria Desemba 2023, ilinunua Uingereza vichwa na mabehewa ya aina ya HST, treni za mwendo kasi za huko, ambayo yalianza kazi huko mwaka 1976 yakikimbia hadi kilomita 200 kwa saa. Chanzo cha ajali ile kina wachunguzi wake, nami siwatangulii. Nililokataa pale barazani ni lile neno "basi". Kifaa kuwa mtumba hakutoshi kueleza treni kuanguka, na kifaa kuwa kipya hakutoshi kutupa usingizi. Tarehe 3 Juni 1998, huko Eschede, Ujerumani, watu 101 walikufa katika treni ya mwendo kasi ya ICE, fahari ya nchi ile, iliyokuwa na umri wa miaka michache tu. Gurudumu moja lilikuwa la vipande viwili vya chuma vyenye mpira katikati, na utepe wa nje ukachoka, ukaota ufa usioonekana kwa macho, ukakatika katika mwendo wa kilomita 200 kwa saa. Hakukuwa na mtumba pale. Kulikuwa na gurudumu lililobuniwa kwa hesabu ambayo haikupimwa vya kutosha dhidi ya kazi halisi, na ukaguzi ambao haukuuona ufa kwa wakati.

Swali ambalo mkaguzi hujiuliza mbele ya behewa lililotumika ni hili: lilizaliwa kwa ajili ya njia gani, na sasa linapelekwa kwenye njia gani? Gurudumu na reli ni mashine moja iliyogawanywa vipande viwili. Anayenunua behewa amenunua nusu ya mashine, nusu ya pili imelala chini juu ya kokoto, na hakuna anayemhakikishia kwamba nusu hizo mbili zinajuana.

Watu wengi hudhani kwamba kinachoishikilia treni kwenye kona ni ule ukingo wa ndani wa gurudumu unaoshuka kando ya kichwa cha reli, yaani sehemu ya juu ya chuma cha reli. Ukingo ni mlinzi wa mwisho. Kazi yenyewe hufanywa na umbo la gurudumu, ambalo si bapa kama la toroli bali limechongwa kwa mteremko, nene upande wa ndani na jembamba upande wa nje. Pale barazani nilichukua kikombe cha kahawa, kile kisicho na mkono, nikakilaza na kukisukuma juu ya benchi, nacho kikazunguka duara chenyewe, kwa kuwa mdomo wake ni mpana kuliko kitako. Magurudumu mawili yaliyofungwa kwenye ekseli moja hufanya hivyo hivyo. Treni inapoingia kwenye kona, ekseli husogea kidogo upande wa nje, gurudumu la nje likatembea kwa sehemu yake nene na la ndani kwa sehemu yake nyembamba, na ekseli nzima ikajipindisha kufuata njia bila ukingo kugusa chochote. Kona ikizidi kuwa kali, umbo halitoshi tena na ukingo huanza kazi.

Sasa chukua behewa la Uingereza. Huko reli hulazwa zikiinamia ndani kwa kipimo cha 1 kwa 20, yaani kipimo kimoja kwenda ndani kwa kila vipimo 20 vya kwenda juu, na magurudumu yao hukerezwa kwa umbo linalokubaliana na mwinamo huo. Amerika ya Kaskazini desturi ni 1 kwa 40, na Ujerumani pia ni 1 kwa 40. Tofauti hiyo huioni hata ukichuchumaa njiani na miwani yako. Lakini gurudumu lililochongwa kwa reli za namna moja likiwekwa juu ya reli za namna nyingine hugusa mahali pasipokusudiwa: ama hulika upesi, ama ekseli huanza kuyumba kushoto na kulia katika mwendo ambao zamani ilitulia. Dawa yake inajulikana na si ya ajabu. Unaingiza magurudumu kwenye mashine ya kukereza na kuyapa umbo jipya, mradi chuma kilichobaki kinatosha kukerezwa. Hapo ndipo mnunuzi mzembe hunaswa, maana anayeuza mtumba mara nyingi huuza pia magurudumu yaliyokwisha kukerezwa mara kadhaa.

Treni nyingi za abiria zinazoacha njia polepole, bila kugongana na kitu, huanza kwa ukingo kupanda juu ya reli. Mhandisi Mfaransa aitwaye Nadal aliiwekea hali hiyo kanuni zaidi ya miaka 100 iliyopita, nasi tunaitumia hadi leo. Kwa maneno ya kawaida, kanuni yake hulinganisha nguvu inayolisukuma gurudumu pembeni na uzito unaolikandamiza chini. Ikiwa ya pembeni ni ndogo ukilinganisha na uzito, ukingo hubaki mahali pake. Ikikua mno, au uzito ukipungua mno, gurudumu hupanda, hutembea juu ya kichwa cha reli hatua chache, kisha hudondoka upande wa pili.

Angalia hilo la pili, uzito kupungua, kwa sababu ndilo linalowaponza wanunuzi wa mitumba. Njia iliyochakaa huwa na msokoto, yaani reli ya kulia imezama mahali ambapo ya kushoto haikuzama, na mbele kidogo mambo yamegeuka. Behewa lililoundwa kwa njia nyororo huwa na mwili mgumu na springi zilizopangwa kwa njia hiyo nyororo. Ukilitembeza juu ya msokoto linafanya kama meza ya miguu minne juu ya sakafu ya udongo: mguu mmoja unaning'inia. Gurudumu linaloning'inia halina uzito wa kulikandamiza, na kama wakati huo huo lipo kwenye kona, Nadal ameshajibu.

Nilijifunza jambo hili kwa aibu. Miaka mingi iliyopita, katika karakana nisiyoitaja, tulipokea mabehewa yaliyotumika kutoka nchi nyingine, yamepakwa rangi yakang'aa. Moja kati yake liliacha reli mara tatu uani, kwenye shanta zile zile, pale njia zinapogawanyika, katika mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Mara ya kwanza alilaumiwa dereva, mara ya pili yule wa shanta, na mara ya tatu watu wakaanza kunong'ona kwamba behewa lina mkosi. Nilipima magurudumu yote nikayakuta sawa, nikaandika hivyo na kutia saini. Fundi mmoja mzee, ambaye cheo chake kilikuwa chini ya changu, aliniambia kwa upole nilale chini nitazame juu ya bogi, yaani ile fremu ya chini ya behewa inayobeba ekseli na magurudumu. Kwenye viegemeo vya pembeni, pale mwili wa behewa unapokaribiana na bogi kushoto na kulia, palitakiwa nafasi ya milimita chache ili bogi igeuke kwenye kona. Karakana ya kwao ilikuwa imejaza vipande vya chuma hapo ili behewa lisitikisike katika mwendo kasi, na kwa njia yao ndefu iliyonyooka walikuwa sahihi kabisa. Kwetu, bogi haikuweza kugeuka. Tulivitoa vile vipande asubuhi, na mchana behewa likapita shanta zote bila tatizo. Halikuwa bovu, wala aliyelifunga hivyo hakukosea. Lilikuwa tu limehamishwa bila historia yake.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia amenunua behewa zuri la mtumba, namwuliza kwanza kitabu chake kiko wapi. Kitabu kinachoonyesha kila ekseli ilipimwa kwa mawimbi ya sauti lini, magurudumu yalikerezwa mara ngapi, na nini kilibadilishwa na kwa sababu gani, mimi nakithamini kuliko viti vyenye kitambaa kipya.

Kuhusu mwendo, hesabu ni fupi na haina huruma: nguvu inayoivuta treni kwenda nje ya kona hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo ukiongeza mara mbili, nguvu huwa mara nne. Hapo mtumba na mpya ni ndugu. Treni ya Yaoundé kwenda Douala iliyoanguka Eséka, Kamerun, tarehe 21 Oktoba 2016 na kuua watu 79 kwa hesabu rasmi, ilikuwa na mabehewa yaliyonunuliwa mapya China miaka michache kabla. Siku hiyo barabara kuu ilikuwa imekatika kwa mvua, abiria wakajaa stesheni, treni ikaongezewa mabehewa manane hadi yakafika 17, na uchunguzi ukataja mwendo kupita kiasi pamoja na hali ya breki. Breki ni somo linalojitegemea, ila anayechanganya mabehewa ya asili tofauti katika treni moja ajue kwamba breki zisizojibu kwa wakati mmoja hufanya mabehewa ya nyuma yayasukume ya mbele, na msukumo huo ukikutana na kona huwa nguvu ya pembeni.

Nchini kwetu suala hili si la kinadharia. Reli yetu ya zamani ya mita moja imewahi kutumia vichwa na mabehewa ya kukodi kutoka India, ambako upana wa mita ulikuwa unaachwa hatua kwa hatua. Kwa ajili ya reli mpya ya kisasa, Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilinunua Ujerumani mabehewa ya ghorofa yaliyotumika na kukarabatiwa, na maneno yaliyosemwa mitandaoni kuhusu mitumba hiyo yalikuwa makali. Mimi sikuungana na waliolaani. Upana ni ule ule wa milimita 1,435, na njia ni mpya, yenye reli za kilo 60 kwa mita. Behewa la Ujerumani linaposhuka hapo halishuki ugenini sana. Ningekuwa na wasiwasi zaidi kama yangekuwa mabehewa mapya kabisa juu ya zile reli nyembamba za ratili 56 kwa yadi zilizokuwa zimelazwa sehemu kubwa ya reli ya kati, kabla hazijabadilishwa kwa za ratili 80 kati ya Dar es Salaam na Isaka.

Kusini tunao ukoo wa zamani na mitumba. Mradi wa karanga wa Waingereza, ambao ndio uliotuletea reli na bandari ya kina kirefu, ulilima kwa matrekta yaliyobaki kutoka jeshi la Marekani na hata kwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, na mengi yalikufa kabla ya kuona Nachingwea. Mradi ulisitishwa mwaka 1951. Reli iliendelea kujengwa, ikafika Mtwara mwaka 1954, ikafungwa baada ya miaka minane hivi. Wazee niliowakuta kazini walinisimulia kwamba chuma chetu kilikwenda kulazwa katika njia ya kutoka Ruvu hadi Mruazi, inayounganisha reli ya kati na ya Tanga. Kwa simulizi hiyo, sisi ndio tuliokuwa wauzaji.

Sasa inazungumzwa reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, kama kilomita 1,000, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, na kila siku tunaona kwa nini inatakiwa: malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanapishana na malori ya korosho hadi bandarini. Yule kijana wa bodaboda aliniuliza kama ningeshauri vichwa na mabehewa yawe mapya au mitumba. Nilimwambia kwamba kinachonisumbua ni kitu kingine. Njia hiyo, kama ilivyokuwa ile ya karanga, itakuwa peke yake, haijaungana na reli ya kati kwa upande wowote. Gurudumu likiliwa upande mmoja Masasi, haliwezi kuvutwa kwa treni hadi karakana ya Dar es Salaam au Morogoro. Litafunguliwa, litapakiwa kwenye lori na kusafiri zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, na behewa litasubiri juu ya magogo. Wakati wa kusubiri ndio wakati ambao meneja, akiwa na abiria stesheni, hushawishika kulitoa behewa liende safari moja tu zaidi.

Alitaka kujua mashine ya kukereza magurudumu ni shilingi ngapi. Nikamwambia ni ghali, na kwamba mwenye kuuza mabehewa, mapya au mitumba, haiingizi kwenye bei yake.