Ujazo halisi na ujazo wa kubanwa kwenye tepu za bakapu

Kaseti ya tepu ya LTO-7, yaani kizazi cha saba cha LTO, aina ya mkanda wa sumaku wa kuhifadhia bakapu, ina namba mbili za ujazo: 6 TB (terabaiti) na 15 TB. Ya kwanza ni ujazo halisi, yaani kiasi ambacho mkanda wenyewe unabeba, iwe data ya aina gani. Ya pili ni ujazo wa kubanwa, na hiyo hakuna aliyeipima kwenye data yako. Watengenezaji wamechukua 6 wakazidisha kwa 2.5, wakikadiria kwamba data itabanika kiasi hicho. Tangu LTO-1 ya mwaka 2000 hadi LTO-5 walikuwa wakizidisha kwa 2. LTO-6 ilipokuja mwaka 2012 wakapandisha. Kupanda huko hakukuwa maneno matupu, kwa sababu kumbukumbu ambayo draivu, yaani mashine inayoandika na kusoma kaseti, hutumia kubania iliongezwa kweli. Lakini kwa mtu anayeandika maombi ya manunuzi, 15 ni namba ya tangazo.

Draivu hubana data ikiwa njiani, kabla haijafika kwenye mkanda, kwa mbinu ya ukoo mmoja na ile waliyoieleza Abraham Lempel na Jacob Ziv mwaka 1977. Inakumbuka data iliyopita punde. Ikikutana tena na mfuatano uleule, haiuandiki upya. Inaandika rejea fupi inayosema rudi nyuma hatua kadhaa, nakili herufi kadhaa. Hakuna kinachopotea, na wakati wa kusoma kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa.

Kwa hiyo swali ni moja tu: data yako inajirudia kiasi gani? Chukua hifadhidata ya SACCOS ya Iringa mjini. Maelfu ya safu zina "Kihesa", "Mtwivila", "mkopo wa pembejeo", tarehe za mwaka uleule na sifuri nyingi zinazofuatana. Data hiyo inaweza kubanika hata kupita 2.5. Sasa chukua hospitali ya Mbeya yenye picha za wagonjwa ambazo mfumo wake ulishazibana tangu zilipohifadhiwa, au ofisi yenye video za kamera za ulinzi. Marudio yote yalishaondolewa, draivu haina cha kushika. Gunia la pumba ukilishindilia linashuka. La viazi vya Isyonje halishuki hata ukilirukia.

Hapo ndipo bajeti inapoharibika. Hospitali ikiwa na picha za 28 TB, afisa ugavi anayegawa kwa 15 ataagiza kaseti mbili. Zitakazohitajika ni tano. Na bado kuna upungufu mdogo unaowashtua wengi: 6 TB ya kwenye kasha imehesabiwa kwa elfu elfu, ilhali programu nyingi huhesabu kwa 1,024, kwa hiyo kaseti hiyohiyo itaonekana ina takriban 5.46. Haijapunjwa na mtu. Mimi nashauri kupanga kwa ujazo halisi siku zote. Draivu ikibana zaidi, hiyo ni bahati yako.

Kubana mara mbili hakusaidii. Programu ya bakapu ikishabana, draivu inapokea kitu kisichobanika, na draivu za LTO zinaligundua hilo na kukipitisha kilivyo. Basi chagua pa kubania. Kama data inasafiri kwa intaneti kutoka tawi la Njombe hadi seva ya Mbeya, bana kwenye chanzo ili usafirishe kidogo. Kama seva na draivu ziko chumba kimoja, iachie draivu kazi hiyo, prosesa ipumzike.

Usimbaji wa siri, yaani kuigeuza data isisomeke bila ufunguo, una utaratibu wake. Data iliyosimbwa inaonekana kama vurugu tupu isiyo na marudio, kwa hiyo ukisimba kwanza, kubana kumekufa. Draivu za kuanzia LTO-4 zinaweza kufanya yote mawili kwa mpangilio unaofaa: zinabana, kisha zinasimba.

Kasi nayo inaingia humu, jambo linalosahaulika. LTO-7 huandika hadi MB 300 kwa sekunde kabla ya kubana, na data inayobanika vizuri inamezwa haraka kuliko hapo. Mtandao wa gigabiti moja, ambao ndio uliopo kwenye ofisi nyingi, haufikishi hata nusu ya 300. Draivu hupunguza mwendo kufuata data, lakini ikizidi kusubiri inasimama, inarudisha mkanda nyuma, inaanza tena, na mwendo huo wa mbele na nyuma unachosha mkanda na kichwa cha kuandikia. Dawa yake ni kukusanya bakapu kwenye diski kwanza, kisha kumimina kwenye tepu kwa mkupuo.

Ukitaka kujua kaseti zako zinabana kiasi gani kweli, linganisha baiti zilizotumwa na programu na zile ambazo draivu inasema imeandika. Programu ya bakapu ya Bacula, kwa mfano, inahesabu ilichotuma. Kaseti ya 6 TB iliyojaa ikiwa na 8 TB za Bacula inakupa uwiano wa kama 1.3. Kaseti ikijaa chini ya ujazo halisi, shuku kichwa kichafu au mkanda uliochoka: draivu husoma papo hapo ilichoandika, na palipokosewa huandika tena mbele, nafasi ikizidi kuliwa.

Halafu kuna kufuta. Kwenye diski ukifuta faili nafasi inarudi. Kwenye tepu, bakapu iliyopitwa na muda katikati ya mkanda inaendelea kukalia nafasi yake mpaka kila kilichomo kimepitwa, au mpaka vilivyo hai vihamishiwe kaseti nyingine, ndipo mkanda uandikwe upya tangu mwanzo. Ndiyo maana rekodi za mishahara za kukaa miaka saba hazichanganywi na bakapu za kila siku za wiki nne: faili moja ya mishahara itaishikilia kaseti nzima kwa miaka hiyo saba, na mwezi ujao utalazimika kununua nyingine.