Bima ya gari kwa dereva kijana: soma ekses kabla ya kulinganisha bei

Kijana anayekata bima ya gari lake la kwanza nchini Tanzania huuliza bei, wakala humtajia bei, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Swali lake si baya, ila halimfikishi mbali, kwa sababu katika soko letu umri wa dereva hauonekani sana kwenye ada ya bima. Nchini Uingereza kijana wa miaka 19 hutozwa ada kubwa kuliko mzazi wake hata wakikata bima ya gari lile lile, na ndiyo maana ushauri mwingi unaosambaa mitandaoni, kama vile kufunga kifaa cha kufuatilia uendeshaji ili ada ipungue, umeandikwa kwa ajili ya madereva wa huko. Hapa kwetu Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, huweka viwango vya chini vya ada kwa kuangalia zaidi aina ya gari na matumizi yake. Ujana wa dereva unalipiwa mahali pengine, ndani ya mkataba, kwenye kipengele cha ekses, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye bima huibeba mwenyewe, na anayelipa huja kukitambua siku ya ajali.

Kabla ya kufika kwenye ekses ni vyema kuweka wazi kinachonunuliwa. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamtaka kila anayetumia chombo cha moto barabarani awe na bima inayolinda watu wengine dhidi ya kifo na majeraha yatakayosababishwa na chombo hicho. Hiyo ndiyo iliyozoeleka kwa jina la bima ndogo. Kwa gari dogo la binafsi ada yake ni shilingi 100,000, na ikiongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 inakuwa shilingi 118,000 kwa mwaka. Bima ndogo humlipa uliyemgonga, na mikataba hugusa pia mali yake kwa kiwango kilichoandikwa, lakini gari lako halimo. Ukiligonga ukutani, unalitengeneza kwa fedha zako. Kati yake na bima kubwa ipo ngazi ya katikati inayoongeza moto na wizi, ambayo mawakala wengi hawaitaji mpaka waulizwe, ingawa kwa kijana mwenye gari la zamani analoliegesha nje usiku inaweza kuwa ndiyo inayomfaa zaidi.

Bima kubwa hulipia pia uharibifu wa gari lako mwenyewe, na ada yake hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tuchukue gari lenye thamani ya shilingi milioni 12 linalokatiwa bima kwa kiwango cha asilimia 3.5. Ada ni shilingi 420,000, kodi ni shilingi 75,600, na jumla ni shilingi 495,600. Kampuni nyingine ikitoza asilimia 4 kwa gari hilo hilo, jumla itafika shilingi 566,400. Tofauti ni shilingi 70,800, na kijana anayehesabu kila shilingi ataichagua kampuni ya kwanza bila kusita.

Sasa tuifungue mikataba yenyewe. Ekses ni ile sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe kila anapodai, na huandikwa kama asilimia ya dai, kiasi maalumu cha fedha, au vyote viwili kwa pamoja. Mikataba mingi ina ekses ya kawaida inayomhusu kila mteja, kisha ina ekses ya nyongeza kwa dereva aliye chini ya umri fulani au ambaye leseni yake haijatimiza muda fulani. Umri na muda huo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo kinachosemwa na rafiki kuhusu bima yake hakitoshi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kampuni ya kwanza ina ekses ya kawaida ya asilimia 10 ya dai na nyongeza ya asilimia 10 kwa dereva kijana, ilhali ya pili ina asilimia 10 peke yake kwa wote. Ajali ikitokea na matengenezo yakagharimu shilingi milioni 3, mteja wa kampuni ya kwanza atachangia shilingi 600,000 na wa pili shilingi 300,000. Zile shilingi 70,800 alizookoa wakati wa kukata bima zimemgharimu mara nne na zaidi. Mtu anaweza kujibu kwamba ajali huenda isitokee, na ni kweli. Lakini miaka ya mwanzo barabarani ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, na kampuni zisingeandika nyongeza hiyo kama zingeamini vinginevyo.

Kwa hiyo maswali ya kumuuliza wakala au dalali, tena kwa maandishi, ni haya: ekses ya kawaida ni kiasi gani, nyongeza ya dereva kijana au mwenye leseni mpya ni kiasi gani na inakoma lini, na je, inaweza kuondolewa kwa kuongeza ada kidogo. Kampuni nyingine hukubali kuiondoa kwa kiambatisho cha mkataba. Kijana anayeendesha gari la mzazi anapaswa kuuliza jambo moja zaidi, nalo ni kama mkataba unamruhusu dereva yeyote mwenye leseni halali aliyepewa ruhusa na mwenye gari, au unawataja madereva kwa majina. Kama ni wa majina na lake halimo, gari hilo kwake ni kama halina bima kubwa.

Njia nyingine ambayo vijana huitumia kupunguza ada ni kushusha thamani ya gari kwenye fomu ya maombi. Hii humwumiza anayeitumia. Gari la shilingi milioni 12 likiandikwa kuwa la milioni 8, kampuni huhesabu kwamba umeikabidhi theluthi mbili tu ya hatari, na theluthi inayobaki umeibeba mwenyewe. Dai la shilingi milioni 3 litalipwa milioni 2, kisha ekses itakatwa humo humo. Kupandisha thamani nako hakuna faida, kwani gari likiibwa au likiharibika kabisa malipo hufuata thamani yake sokoni kabla ya tukio, hata kama kwenye fomu umeandika milioni 18.

Fomu ya maombi ndiyo sehemu ambayo uaminifu wa mteja unapimwa, na mimi naona ndiyo hati inayojazwa kwa uzembe kuliko zote katika biashara hii. Mara nyingi wakala huijaza mwenyewe huku mteja akiwa kwenye simu, kisha mteja hutia sahihi. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa majibu hayo, na jibu lisilo la kweli katika jambo la msingi huipa kampuni sababu ya kukataa dai. Suala linaloleta migogoro mingi kwa vijana ni matumizi ya gari. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi, kisha likaingizwa kwenye teksi mtandao jioni na mwisho wa wiki, linabeba abiria kwa malipo, na hayo ni matumizi ya biashara yenye kiwango chake cha ada. Akaunti ya dereva kwenye programu ya simu huhifadhi rekodi ya kila safari, kwa hiyo mkadiriaji hasara hana kazi kubwa ya kujua gari lilikuwa likifanya nini saa ya ajali. Kama unajua utalitumia gari hivyo, hata kwa siku chache katika wiki, liambie kampuni mapema na ulipe ada inayostahili.

Jambo jingine linalosahaulika ni kadi ya gari. Vijana wengi hununua gari mkononi kwa mtu na kuliendesha kwa miezi kadhaa huku kadi ikiwa bado na jina la muuzaji, wakiamini kwamba bima iliyobaki imekuja pamoja na gari. Bima ni mkataba kati ya kampuni na mtu aliyeikata, na haihami yenyewe kwa sababu gari limeuzwa. Kamilisha uhamisho wa umiliki, kisha iarifu kampuni au ukate bima mpya kwa jina lako. Hakikisha pia kwamba leseni yako iko hai na ni ya daraja linaloruhusu gari unaloendesha, maana leseni iliyokwisha muda ni sababu nyepesi kabisa ya kukataliwa dai.

Kuhusu uaminifu wa anayekuuzia, yapo mambo unayoweza kuyathibitisha mwenyewe ukiwa umesimama hapo hapo. Wakala anaiwakilisha kampuni, ilhali dalali wa bima anamwakilisha mteja na anaweza kukuletea bei za kampuni kadhaa. Wote wawili wanapaswa kuwa na leseni ya TIRA. Malipo yaende kwenye akaunti ya kampuni au kwa namba ya malipo iliyotolewa rasmi, kamwe yasiende kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, hakuna bima bila ada kulipwa, kwa hiyo ahadi ya wakala kwamba utamalizia mwisho wa mwezi haikulindi hata kidogo. Stika za siku hizi ni za kielektroniki, na mtu yeyote anaweza kuhakiki ya kwake kwenye mfumo wa TIRA kupitia intaneti kwa kutumia namba ya gari. Usiangalie tu kama stika imeonekana. Soma aina ya bima, matumizi ya gari na tarehe. Anayekupa bima ndogo ya gari binafsi kwa shilingi 60,000 au 70,000, wakati kiwango cha chini ni shilingi 118,000, ama anakupa stika isiyokuwepo kwenye mfumo, ama ameliandika gari lako katika kundi lisilo lake.

Ajali ikitokea, toa taarifa polisi na kwa kampuni mara moja, na usimkubalie mtu kosa wala kumwahidi malipo kabla kampuni haijashirikishwa. Kampuni itahitaji ripoti ya polisi, mchoro wa eneo la ajali, nakala ya leseni na makadirio ya gereji. Mwishoni utaletewa hati ya kukubali malipo, na hapo ndipo vijana wengi hupoteza haki yao kwa haraka ya kupata fedha, kwa sababu sahihi yako kwenye hati hiyo huchukuliwa kuwa umeridhika na dai limefungwa. Kama kiasi hakilingani na mkataba, omba kwanza maelezo ya maandishi ya jinsi kilivyokokotolewa, pamoja na ekses iliyokatwa na kifungu kilichotumika. Lalamika kwa kampuni yenyewe, na isipokuridhisha peleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiwa na nakala ya mkataba, ya fomu ya maombi uliyoijaza na ya barua zote mlizoandikiana.