Jaribio Halijakataa: Dhana Potofu za Maabara ya Biolojia Mwaka wa Kwanza

Kila muhula, ikifika wiki ya osmosisi (maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye ukolezi mkubwa), nasikia maneno yaleyale kutoka meza hadi meza: "Mwalimu, jaribio letu limekataa." Nikiuliza limekataa nini, jibu huwa moja. Namba hazifanani na za kitabu, au hazifanani na za kundi la jirani. Kisha nikigeuza mgongo, kifutio kinaanza kazi. Nikirudi, namba zimenyooka, grafu imekaa sawasawa, na wote wanatabasamu.

Kati ya dhana zote ninazokutana nazo katika kozi ya kwanza ya biolojia chuoni, hii ndiyo inayonichosha kuliko zote: kwamba kazi ya maabara ni kulipata jibu ambalo tayari limeandikwa mahali, na ukipata jingine umefeli. Wanafunzi hodari ndio wanaoishikilia zaidi, kwa sababu miaka yote ya nyuma walipewa alama kwa jibu sahihi. Chuoni hatuwaingizi maabara ili watuambie kiazi hufanya nini kwenye maji ya sukari. Hilo tunalijua. Tunataka kuona kama unaweza kupima kitu, ukaandika ulichokipima, ukaeleza kwa nini kimekuwa hivyo.

Tulitazame jaribio lenyewe. Unakata vipande vya kiazi mviringo vyenye urefu sawa, unavipima uzito, unavitumbukiza kwenye mimumunyo ya sukrosi, yaani sukari ya mezani, kuanzia maji matupu hadi 1.0 M (moli moja kwa lita), unasubiri, unavikausha kwa karatasi, unavipima tena. Kipande kilichotoka gramu 3.05 hadi 3.46 kimeongezeka kwa asilimia 13.4. Kilichotoka 3.20 hadi 2.94 kimepungua kwa asilimia 8.1. Ukichora grafu ya badiliko hilo dhidi ya ukolezi wa mmumunyo, pale mstari unapokata sifuri ndipo ukolezi wa nje unapolingana na wa ndani ya seli. Kwa viazi vingi huwa kati ya 0.2 na 0.4 M hivi.

Sasa kipande chako kilichokuwa kwenye 0.4 M kimeongezeka uzito, wakati cha jirani kimepungua. Limekataa? Hapana. Hapo ndipo jaribio limeanza kusema nawe. Kiazi kilichohifadhiwa kwenye baridi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, kwa hiyo ukolezi wa ndani hupanda na maji huingia hata pale ambapo kwa kiazi kingine yangetoka. Kipande kilichoachwa mezani huku mkigombea mizani hupoteza maji kabla ya kupimwa mara ya kwanza, kisha kikiingia kwenye mmumunyo kinayarudisha, nawe unadhani umeona ongezeko la ajabu. Au hukukausha vizuri mara ya pili. Tone moja la maji ni kama gramu 0.05. Likining'inia kwenye ncha ya kipande cha gramu 3, limekuongezea karibu asilimia 1.7 ambayo haimo ndani ya kiazi kabisa. Au aliyechanganya mmumunyo alikosea, na hiyo 0.4 M iko kwenye lebo tu.

Kila moja ya sababu hizo inaweza kuchunguzwa. Mlikata saa ngapi, mkapima saa ngapi? Nani alikausha, na kwa namna gani? Vipande vitatu vya mmumunyo huohuo vimekwenda upande mmoja au vimetawanyika? Vikitawanyika, tazama mikono na mizani. Vikienda pamoja, tazama kiazi au mmumunyo. Mwanafunzi anayeandika hayo amejifunza osmosisi kuliko yule aliyenakili mstari ulionyooka.

Wala usiniandikie "makosa ya kibinadamu" halafu ukaweka nukta. Maneno hayo nayakata kila nikiyaona. Kosa gani? La nani? Lilisukuma namba juu au chini, na kwa kiasi gani? Kama huwezi kusema upande lilikosukuma, hujaeleza chochote.

Wanaopika matokeo hudhani hawaonekani. Wanaonekana. Vipimo halisi vina fujo yake: vipande vitatu kutoka kiazi kimoja havitoi badiliko lilelile hadi nukta ya mwisho. Mendel mwenyewe, mwasisi wa elimu ya urithi, ambaye uwiano aliotarajia ni 3 kwa 1, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1866, alihesabu mbegu za njegere za kizazi cha pili akapata mviringo 5,474 na zilizokunjamana 1,850. Gawanya: ni 2.96 kwa 1. Kwenye rangi ya maua alipata 705 kwa 224, yaani 3.15 kwa 1. Rangi ya maganda ikatoa 428 kwa 152, yaani 2.82 kwa 1. Hakuna hata moja iliyogonga 3 kamili. Na bado, mwaka 1936, mwanatakwimu R. A. Fisher alipozipitia namba zake zote kwa pamoja alisema zimekaribia mno matarajio kuliko bahati nasibu inavyoruhusu, na wataalamu wamebishana juu ya hilo miaka mingi.

Basi mwanafunzi aliyehesabu nzi 80 asiniletee 60 kwa 20 akidhani ndiyo namba salama. Akipata 54 kwa 26 alete hizohizo, afanye jaribio la kai mraba, hesabu ya kupima kama tofauti na matarajio ni ya bahati tu: atapata 2.4, chini ya 3.84 inayotakiwa ili kuukataa uwiano wa 3 kwa 1. Namba aliyoiona mbovu haikuwa mbovu. Alitaka kuifuta kwa sababu tu hakufanya hesabu.

Atakayeniambia haya ni mambo ya darasani tu, asome habari ya kromosomu za binadamu, yaani nyuzi za ndani ya kiini cha seli zinazobeba urithi. Mwaka 1923 Theophilus Painter alitoa hesabu ya 48, nayo ikashika. Kwa zaidi ya miaka 30 waliohesabu wengi walipata 48, kwa sababu walikwisha kuambiwa waone nini. Mwaka 1952 T. C. Hsu, akifanya kazi Texas, alikuta kromosomu zimetawanyika vizuri ajabu kwenye slaidi zake. Alipofuatilia akagundua kwamba mmumunyo wa chumvi wa kuoshea seli ulichanganywa ukawa mwepesi mno, maji yakaingia ndani, seli zikavimba. Ni osmosisi ileile ya kiazi. Mmumunyo uliokosewa ndio uliompa slaidi nzuri kuliko alizokuwa nazo kabla. Na hata na slaidi hizo mbele yake, aliripoti 48. Ilibidi ifike mwaka 1956 ndipo Joe Hin Tjio na Albert Levan, huko Sweden, wakitumia mbinu hiyo ya kuvimbisha seli pamoja na mengine, wakaandika walichokiona: 46. Picha zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuamini macho yake kuliko kitabu.

Ndiyo maana nasisitiza daftari la maabara lenye kurasa zilizoshonwa, na kalamu ya wino. Penseli ni ya michoro peke yake. Ukikosea namba, ipige mstari mmoja ili ibaki inasomeka, andika sahihi pembeni na sababu. Vikaratasi vya "nitanakili vizuri nyumbani" sivitaki, maana huko nyumbani ndiko namba zinakopikwa. Simaanishi kwamba kila namba iingie kwenye wastani. Kama kipande kilianguka sakafuni, au mmumunyo ulimwagika, unaweza kukiacha nje ya hesabu, mradi kibaki daftarini na umeandika kwa nini umekiacha. Sababu hiyo uijue kabla hujaona kama kinakuharibia grafu. Anayetafuta sababu baada ya kuona grafu anatafuta ruhusa tu.

Hiyo ndiyo kubwa. Nyingine zinaudhi, ila huondoka haraka.

"Hadubini nzuri ni ile iliyowekwa kwenye lenzi kubwa."

Mtu anaketi, na kabla hajaweka slaidi sawa ameshageuza lenzi ya 40. Kisha anaita: haoni kitu. Atakionaje? Ukuzaji ukiwa mara 400, eneo unaloliona lina upana wa takriban milimita 0.45. Seli moja ndefu ya ngozi ya kitunguu inaweza kujaza sehemu kubwa ya eneo hilo. Anza na lenzi ya 4, tafuta kitu, kiweke katikati, panda hadi 10, ndipo uende 40, na ukiwa huko usiguse kabisa skrubu kubwa ya kurekebishia, utavunja kioo. Punguza mwanga pia, kwa sababu seli zisizo na rangi hupotea kwenye mwanga mkali. Na kukuza bila kikomo hakusaidii: Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba mwanga wenyewe una mpaka, na kwa hadubini ya kawaida vitu viwili vilivyokaribiana chini ya mikromita 0.2 hivi huonekana kimoja.

Halafu kuna ile duara kamilifu yenye ukingo mnene mweusi, ambayo huchorwa kwa uangalifu mkubwa, ikapewa utando, ikapewa hata kiini. Hilo ni povu la hewa. Shusha kioo cha kufunikia kwa kukilaza upande mmoja kwanza, taratibu, na mapovu yatapungua. Seli za shavu lako hazina umbo la duara kamili. Zimejikunja kingo, zimelaliana, na kiini ni kidoa cha bluu iliyokolea ukishatia rangi ya methileni bluu. Chora hizo, hata kama si nzuri.

"Baridi imeua kimeng'enya."

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mmenyuko, na baridi haijakiua. Baridi hupunguza kasi ya molekuli, zinagongana mara chache, mmenyuko unakwenda polepole. Pasha joto kiasi, kasi inarudi. Kuchemsha ni habari nyingine: joto hilo hulivuruga umbo la protini, na ini lililochemshwa halitoi mapovu kwenye haidrojeni peroksaidi hata ulipoze namna gani. Lifanye mwenyewe kwa mirija miwili, mmoja uliotoka kwenye barafu na mmoja uliotoka kwenye maji yanayochemka, yote iachwe ifikie joto la chumba. Dakika chache zinatosha kuumaliza ubishi.

"Benedikti imebaki bluu, kwa hiyo hakuna sukari."

Benedikti ni kitendanishi cha bluu chenye shaba, na kikibaki bluu maana yake ni kwamba hakuna sukari yenye uwezo wa kuipa shaba hiyo elektroni, basi. Sukrosi ni sukari, tena ndiyo sukari ya mezani, nayo itakuachia bluu yako vilevile. Ichemshe kwanza na asidi hafifu ya haidrokloriki igawanyike kuwa glukosi na fruktosi, izimue kwa bikabonati, kisha upime: itageuka nyekundu ya matofali. Anayesahau kuizimua asidi atapata bluu tena, atarudi kuniambia sukari haipo.

"Nimechagua biolojia kwa sababu haina hesabu."

Umeshaona hapo juu: asilimia, wastani, grafu, kai mraba, ukuzaji, ukolezi. Wiki ya kwanza kabisa utatakiwa kutengeneza mililita 100 za mmumunyo wa 0.2 M kutoka wa 1.0 M, na usipojua kwamba unahitaji mililita 20 za ule mkali kisha ujazie maji hadi 100, kila kitakachofuata kimeharibika. Asemaye biolojia ni kukariri ameona kitabu, hajaona maabara. Kukariri kupo, sikatai, lakini sijawahi kumwona mwanafunzi aliyefeli vitendo kwa sababu alisahau jina la sehemu ya seli. Wanafelishwa na desimali.

"Nitasoma maelekezo nikifika."

Hapana, utayasoma jana yake. Anayesoma maelekezo akiwa amesimama mezani hutumia nusu ya kipindi kuuliza kinachofuata, na vimeng'enya havimsubiri. Ushauri wangu ni mmoja, na wanaoufuata hunishukuru: usiku wa kuamkia maabara, geuza maelekezo yote kuwa mchoro wa hatua kwenye ukurasa mmoja, bila kunakili sentensi. Chini yake chora jedwali tupu la matokeo, lenye vichwa vya safu na vipimo vyake. Ukishindwa kulichora jedwali hilo, hujaelewa utakachopima, na bado una usiku mzima wa kumwuliza mwenzako. Kisha andika sentensi moja inayosema unatarajia nini na kwa nini, kwa wino, na uiache hapo hapo hata matokeo yakija kuipinga.