Thamani mbili za p hazithibitishi mwingiliano wa jeni

Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alinijia hapa Tanga mjini, akafungua kompyuta yake na kunionyesha majedwali mawili aliyoyapanga sambamba. La kwanza lilihusu watoto wasio na thalasemia ya alfa (hali ya kurithi inayopunguza utengenezaji wa himoglobini ya damu), la pili watoto walio nayo, na katika yote mawili alitafuta kama jeni aliyokuwa akiichunguza inahusiana na malaria kali. Katika jedwali la kwanza thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu kama jeni haina athari, ilikuwa ndogo, naye alikuwa ameipaka rangi ya njano. Katika la pili ilizidi 0.05, kikomo kilichozoeleka. "Mwalimu," akaniambia, "jeni hizi zinaingiliana. Hii inamkinga mtoto pale tu ile nyingine isipokuwepo."

Hoja hii nimeisikia kwa wanafunzi, kwa matabibu na hata kwa watafiti wazoefu, na kila mara husemwa kwa uhakika uleule. Si kweli. Tuchukue hesabu ya kubuni. Watoto 800 hawana thalasemia: 400 kati yao hawana jeni ya kinga, na 40 wameugua, 400 wanayo, na 20 wameugua. Asilimia 10 dhidi ya asilimia 5, na thamani ya p ni takribani 0.007. Watoto wengine 120 wana thalasemia: 60 hawana jeni ya kinga, wameugua 6, 60 wanayo, wameugua 3. Ni asilimia 10 na asilimia 5 vilevile, lakini thamani ya p sasa ni takribani 0.3. Jeni imepunguza ugonjwa kwa nusu katika makundi yote mawili bila tofauti hata chembe, na kilichobadilika ni idadi ya watoto peke yake. Anayetangaza mwingiliano hapo ametangaza uchache wa sampuli yake. Kinyume chake pia hutokea: makundi yote mawili yanaweza kutoa thamani ndogo za p, ilhali katika moja kinga ni kubwa maradufu kuliko katika jingine, na mtafiti akaandika kwamba mwingiliano haupo.

Swali la mwingiliano ni moja: je, athari ya jeni ya kwanza katika kundi hili inatofautiana na athari yake katika kundi lile? Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kukadiriwa na kupimwa yenyewe. Watoto wote wawekwe katika modeli moja ya regresheni (hesabu inayokadiria athari ya kila kigezo kwa pamoja) yenye jeni ya kwanza, jeni ya pili na zao la kuzidisha mbili hizo, kisha makadirio ya zao hilo yaripotiwe pamoja na mpaka wake wa chini na wa juu. Mara nyingi mipaka hiyo huwa mipana mno, kwa sababu hata makundi yakilingana kwa wingi, mwingiliano wenye ukubwa sawa na athari ya jeni moja huhitaji takribani watu mara nne zaidi. Ndiyo maana nawasihi wote wanaonijia wachore kwanza, kwa kalamu na karatasi, jedwali la vyumba vinne: hana jeni yoyote, ana ya kwanza, ana ya pili, ana zote mbili. Chumba cha nne kikiwa na watoto saba, hakuna programu itakayokiokoa.

Mwingiliano wa kweli umewahi kuonekana katika pwani hii hii, ng'ambo ya mpaka kule Kilifi. Mwaka 2005 mtafiti Thomas Williams na wenzake walionyesha kwamba mtoto aliyerithi nakala moja ya jeni ya selimundu ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali, na mwenye thalasemia ya alfa naye ana kinga yake. Lakini mtoto mwenye nakala hiyo ya selimundu aliyerithi pia thalasemia kutoka kwa wazazi wote wawili huugua karibu sawa na asiye na chochote. Hitimisho hilo liliwezekana kwa sababu thalasemia imeenea mno katika eneo lile, hivyo chumba cha nne hakikuwa kitupu.

Wapo wanaouliza "mwingiliano upo au haupo?" bila kutaja kipimo. Tuseme wasio na jeni yoyote huugua 2 kwa mia, wenye ya kwanza 4, wenye ya pili 6, na wenye zote mbili 12. Kwa kuzidisha hakuna mwingiliano, kwani mara mbili na mara tatu hutoa mara sita. Kwa kujumlisha upo, kwa sababu tulitarajia 8. Majibu yote mawili ni sahihi, na regresheni ya lojistiki, ile itumikayo kwa matokeo ya ndiyo au hapana kama kuugua, huwa imeshachagua upande wa kuzidisha kabla mtumiaji hajajua. Kwa sababu hiyohiyo, mwingiliano wa kitakwimu si ushahidi kwamba protini mbili zinakutana ndani ya seli.

Kuhusu kupima jozi zote za jeni "ili tusikose kitu": alama 500,000 za jenomu, yaani sehemu ambako watu hutofautiana kijeni, hutoa jozi karibu bilioni 125, na kwa kigezo cha 0.05 zaidi ya bilioni 6 zitapita kwa bahati tu. Mbinu ya kuunganisha jeni kadhaa kuwa kigezo kimoja cha hatari kubwa au ndogo (multifactor dimensionality reduction), iliyoletwa na Marylyn Ritchie na wenzake mwaka 2001 hupendwa kwa kuwa haidai modeli, lakini daima hutoa mshindi, na mshindi huyo anaweza kuwa jeni moja yenye nguvu iliyoivuta ya pili.

Mwisho, kutafuta mwingiliano kwa kutumia wagonjwa peke yao huokoa fedha, ila hudai kwamba jeni mbili zinazochunguzwa hazifuatani, yaani hazirithiwi pamoja kuliko ilivyotarajiwa, miongoni mwa watu wote. Jeni za selimundu na thalasemia ya alfa ziko kwenye kromosomu tofauti, ya 11 na ya 16, na wengi huona hilo linatosha. Halitoshi katika mji kama Tanga, ambako watu wa asili mbalimbali wamekaa pamoja vizazi kwa vizazi: jeni mbili zinaweza kufuatana kwa sababu ya ukoo tu, na bila watoto wasio wagonjwa wa mitaa ileile hakuna njia ya kulibaini hilo.