Chakula asilia na chakula cha kutengeneza kwa vifaranga vya samaki maana yake nini

Kifaranga wa samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, akishaanguliwa hali kitu kwanza, ana akiba yake tumboni, kile kiini cha yai, anaishi nacho siku chache. Kazi inaanza kiini kikiisha, hapo asipopata kitu kinachoenea mdomoni anakufa haraka sana, na wengi wakiona vifo hivyo wanakimbilia dawa kumbe ni njaa tu.

Chakula asilia ni vile viumbe vinavyojizalia vyenyewe majini, yaani mwani mdogo mdogo unaofanya maji yawe ya kijani, na vijidudu vinavyoula kama rotifa, moina na dafnia. Bwawani unavipata kwa kuweka samadi au mbolea siku kadhaa kabla ya kupandikiza vifaranga, halafu unapima kwa mkono, ukiuzamisha hadi kiwikoni na kiganja ndo kinaanza kupotea basi maji yako poa, kikipotea mapema zaidi mbolea imezidi, acha kwanza. Kwenye matangi watu wanatumia atemia, kijidudu kidogo cha maji ya chumvi, mayai yake yanaanguliwa kwenye maji ya chumvi kwa kama saa 24, ila akiingia maji baridi hadumu, anakufa baada ya masaa machache, so unawapa kidogo kidogo.

Chakula cha kutengeneza ni kile tunachochanganya wenyewe au kununua, unga wa samaki, soya, pumba, vitamini na madini. Kwa vifaranga protini iwe kama asilimia 40 hadi 50, na kiwe unga laini kabisa, maana hata kiwe kizuri vipi kama hakipiti mdomoni ni bure.

Sasa kipi bora? Inategemea samaki jamani. Perege anaweza kuanza na unga mapema tu. Kambare hapana, mwanzoni tumbo lake halijakomaa, unga mtupu haumfai, mpe vijidudu hai kwanza alafu uchanganye na unga siku kadhaa, ukiongeza unga taratibu na kupunguza vijidudu.

Lisha mara nyingi kwa siku, kiasi kidogo kila mara. Unga unaobaki unaoza, amonia, ile sumu ya uozo, inapanda na oksijeni inashuka, na hapo unawaua kwa chakula kile kile ulichonunua kwa hela yako. Kambare pia watenge kwa saizi, wakubwa wanawala wadogo hata kama umewalisha.