Wi-Fi si intaneti: maneno ya mtandao wa nyumbani

"Wi-Fi imekata." Wanaotupigia simu kuomba msaada huanza hivyo, na mara nyingi Wi-Fi haijakata. Alama yake ipo juu ya kioo cha simu, imejaa kabisa, ila kurasa hazifunguki. Kilichokatika ni intaneti.

Wi-Fi ni safari fupi ya mawimbi ya redio kutoka kwenye simu yako hadi kwenye ruta, yaani kifaa kinachogawa mtandao ndani ya nyumba. Inaishia hapo. Kutoka hapo kwenda kwa kampuni inayokuuzia huduma, data hupita njia nyingine, iwe faiba, waya wa simu au minara, na modemu ndiyo inayoigeuza data iweze kusafiri katika njia hiyo. Siku hizi modemu na ruta huwekwa ndani ya kisanduku kimoja, ndiyo maana wengi huzichanganya. Basi simu ikikuambia imeunganishwa lakini hakuna intaneti, usihangaike na nenosiri, limeshakubaliwa. Kagua taa za kisanduku na waya unaoingia kutoka nje, ukizima na kuwasha bila mafanikio ndipo umpigie mtoa huduma.

Kifaa kikishaingia, ruta hukipa namba, yaani anwani ya IP. Nyumbani namba hiyo mara nyingi huanza na 192.168. Huenda simu yako ni 192.168.1.5, na ya jirani ni hiyo hiyo, wala hazigongani. Ni namba za ndani tu, kama vyumba: kila jengo laweza kuwa na chumba namba 5. Huko nje, vifaa vyako vyote kwa kawaida huonekana kwa anwani moja ya umma, na ruta ndiyo inayokumbuka nani aliomba nini ili jibu lisipotee njiani. Utaratibu huu ulitokana na uhaba. Anwani za mfumo wa IPv4 ni takriban bilioni 4.3, na akiba kuu ya dunia ilikwisha Februari 2011. Mfumo mpya, IPv6, una anwani nyingi mno kiasi kwamba kila kifaa kinaweza kupata yake.

Tovuti nazo zina namba, ila sisi tunakumbuka majina. DNS, iliyobuniwa mwaka 1983, hutafuta namba ya kila jina unaloandika. Ikigoma, utadhani intaneti yote imezimika ilhali njia iko wazi.

Sasa kasi, mahali ambapo watu huhisi wamepunjwa. Kifurushi cha megabiti 100 kwa sekunde hakipakui megabaiti 100 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo kiwango cha juu kabisa ni megabaiti 12.5. Faili la megabaiti 1,000 litachukua sekunde 80, si 10. Kampuni haijakudanganya, lakini kwa maoni yangu kila tangazo lingepaswa kulisema hili waziwazi.

Hata kasi uliyolipia inaweza kupotelea ukutani. Ruta nyingi hurusha mawimbi ya aina mbili: gigahezi 2.4, yanayofika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, na gigahezi 5, yenye kasi kubwa lakini huchoka mapema. Ukikaa karibu na ruta, chagua 5. Chumba cha mwisho kitafaidika zaidi na 2.4.

Jambo ninaloomba lifanywe leo linahusu nenosiri. Ruta ina mawili: la kujiunga na Wi-Fi, ambalo wageni hukuomba, na la kuingia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe. Hili la pili wengi hawajawahi kuligusa tangu kisanduku kitoke dukani, na katika ruta nyingi za zamani ni neno "admin" tu. Mtu akilijua anaweza kubadili DNS yako na kukupeleka kwenye tovuti bandia. Libadilishe. Ukiwa humo humo, hakikisha ulinzi wa Wi-Fi umewekwa kwenye WPA2 au WPA3. Ukikuta WEP, aina ya zamani ya ulinzi huo, iondoe: udhaifu wake ulifichuliwa tangu 2001.